Jina Linapotafuta Kisa: Etimolojia ya Umma katika Majina ya Mvita, Bagamoyo na Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Mgeni anayeuliza jina la kisiwa, kilima au mto katika Afrika ya Mashariki ni nadra kupewa jina tupu. Jina huja na kisa chake. Akielezwa kwamba kisiwa cha Mombasa huitwa Mvita, papo hapo ataelezwa kwamba ni kwa sababu ya vita vingi vilivyopiganwa hapo. Akifika Bagamoyo ataambiwa kwamba hapo ndipo watu walipobwaga mioyo yao. Na akiutazama Mlima Kilimanjaro kutoka Taveta au Loitokitok, atasikia maelezo matatu au manne yanayopingana, kila moja likitolewa kwa uhakika ule ule.

Maelezo ya aina hii ndiyo yanayoitwa hapa etimolojia ya umma. Ni maelezo ya asili ya neno yanayotolewa na watumiaji wa lugha wenyewe kwa kulilinganisha neno lisiloeleweka na neno jingine wanalolifahamu, pasi na kuzingatia mabadiliko ya sauti, muundo wa ngeli wala kumbukumbu za maandishi. Etimolojia ya kitaaluma, kwa upande wake, hulifuata neno nyuma hatua kwa hatua na hukubali kukwama pale ushahidi unapokoma. Etimolojia ya umma haikubali kukwama. Huo ndio udhaifu wake kama isimu, na ndiyo nguvu yake kama fasihi.

Wataalamu wameyapokea maelezo haya kwa namna mbili. Wanaisimu wengi huyatupa, wakiona kwamba yakishathibitishwa kuwa si sahihi hayana kazi tena. Waandishi wa vitabu vya shule, vya utalii na hata vya historia huyameza mazima, wakayaandika kana kwamba ni ushahidi wa mambo yaliyotukia. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinachanganya maswali mawili yaliyo mbalimbali. Swali la kwanza ni jina lilitoka wapi. La pili ni kisa cha jina kilitoka wapi, nani alikihitaji na kwa nini. Kisa kinaweza kuwa cha uongo kuhusu jina na kikawa cha kweli kabisa kuhusu wanaokisimulia. Mifano mitatu itachunguzwa: Mvita, Bagamoyo na, kwa urefu zaidi, Kilimanjaro.

2.0 Majina Yaliyo Wazi na Majina Yaliyofumbika

Ni vyema kuanza na majina ambayo hayana kisa. Kilindini, bandari ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ni mahali penye kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Neno kilindi lingali hai katika lugha, kiambishi tamati -ni kinajulikana na kila mzungumzaji, na bahari yenyewe inathibitisha maana hiyo kila meli kubwa inapotia nanga. Shimo la Tewa, upande wa kaskazini, ni shimo la samaki aitwaye tewa. Majina haya hayaombi ufafanuzi, kwa hiyo hayakuzaa visa vingi.

Hali hubadilika pale maana inapopotea. Lugha hubadilika, watu huhama, wengine huhamia, na jina hubaki juu ya ardhi kama vazi la mtu aliyekwisha ondoka. Wanaobaki huliona jina hilo kuwa ni fumbo. Hapo ndipo kisa huzaliwa. Yaweza kusemwa, basi, kwamba wingi wa visa kuhusu jina fulani ni dalili kwamba maana yake ya awali haijulikani tena. Jina lenye maelezo manne yenye kupingana halina utajiri wa ushahidi; lina upungufu wake.

Ili kuyapima maelezo hayo, mtafiti ana mizani mitatu. Wa kwanza ni kumbukumbu kongwe zaidi za jina: lilitamkwaje na nani alilisikia? Wa pili ni sauti na sarufi: je, mabadiliko yanayodaiwa yanapatikana kwingineko katika lugha ile? Wa tatu ni majirani: je, lugha za jirani zinapaitaje mahali pale? Baada ya mizani hiyo mitatu ndipo linapokuja swali la nne, ambalo ni la mhakiki wa fasihi: msimulizi ni nani, na kisa kinamfanyia kazi gani?

3.0 Mvita: Kisiwa na Vita Vyake

Jina Mombasa ni kongwe katika maandishi. Al-Idrisi, aliyeandika katikati ya karne ya 12, analitaja kwa umbo la Manbasa, na Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331. Mvita ni jina ambalo wenyeji wenyewe wamelitumia kuuita mji na kisiwa chao, na ndilo lililoipa jina lahaja ya Kimvita. Mapokeo yanataja jina jingine lililolitangulia, Kongowea au Gongwa, na yanalihusisha na malkia Mwana Mkisi. Mvita, kwa mujibu wa mapokeo hayo hayo, linahusishwa na Shehe Mvita, mwasisi wa ukoo mpya wa watawala Waislamu.

Maelezo ya umma ni kwamba Mvita ni kisiwa cha vita. Historia inayaunga mkono kwa kishindo. Francisco de Almeida aliuteketeza mji mwaka 1505. Nuno da Cunha aliushambulia tena mwaka 1528. Mwaka 1589 mji ulivamiwa na Wareno kutoka baharini na Wazimba kutoka bara. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593, na ngome hiyo ikazingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696 hadi 1698. Msikilizaji anayeyajua haya haoni haja ya ushahidi zaidi.

Hata hivyo, mizani inayumba. Tukianza na sarufi, neno vita ni nomino yenye kiambishi cha ngeli tayari. Mzizi wake unaonekana pia katika uta, yaani upinde, na wingi wake mata. Vi- ya vita ni kiambishi, si sehemu ya mzizi. Kuliweka m- mbele yake ni kupachika kiambishi juu ya kiambishi, jambo ambalo Kiswahili hakilifanyi kwa kawaida katika kuunda majina ya mahali. Tukija kwenye wakati, ukoo wa Shehe Mvita ulitawala kabla ya Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Ikiwa mapokeo yana ukweli wowote kumhusu mwasisi huyo, basi jina lilikuwapo kabla ya sehemu kubwa ya vita vinavyotumiwa kulieleza. Vita vya kabla ya Wareno havikosekani kuwaziwa, lakini si hivyo ambavyo wasimulizi huvitaja.

Wapo waliopendekeza maelezo mengine: kwamba umbo la awali lilikuwa Mfita, kutokana na kitenzi fita, ambacho ni umbo la kaskazini la ficha. Kisiwa kingekuwa basi ni kile kilichojificha, kwa kuwa kimezingirwa na bara na mgeni hukigundua anapokuwa amekwisha ingia mlangoni. Maelezo haya yanavutia kwa sababu yanapatana na sura ya nchi. Lakini nayo hayaokoki katika mizani ya sauti. Kiswahili hakigeuzi f kuwa v baada ya m- ya ngeli: husemwa mfupa, mfuko na mfereji. Anayedai kwamba Mfita likawa Mvita hana budi kueleza kwa nini neno hili peke yake lilikwenda kinyume. Hapa etimolojia ya kisomi imekuwa jirani ya karibu sana wa etimolojia ya umma. Imebadilisha neno moja linalofanana kwa neno jingine linalofanana.

La muhimu zaidi kwa mhakiki ni kile ambacho kisa cha vita kinakifanya. Mapokeo ya Mombasa yalikuwa na majina mawili na watawala wawili: Kongowea ya Mwana Mkisi, mwanamke, na Mvita ya Shehe Mvita, mwanamume. Uhusiano baina yao unasimulia, kwa lugha ya visakale, kubadilika kwa mamlaka, kwa dini na pengine kwa utaratibu wa urithi. Kisa cha vita hakimhitaji yeyote kati yao. Kinaufanya mji kuwa uwanja wa mapambano na mgeni, na hivyo kinawaunganisha wakazi wote, Thenashara Taifa na waliohamia baadaye, chini ya historia moja ya ushujaa. Faida yake ni kubwa. Hasara yake ni kwamba Mwana Mkisi anatoweka pasi na mtu yeyote kukusudia kumfuta.

4.0 Bagamoyo: Utata Kama Utajiri

Bagamoyo ni mfano tofauti, kwa sababu hapa maelezo ya umma huenda yakawa sahihi kuhusu maneno na bado yakagawanyika kuhusu maana. Takriban kila mtu hukubali kwamba jina linatokana na bwaga na moyo. Kudhoofika kwa w katika bwa- si jambo geni. Wasemaji wengi wa pwani hutamka bana kwa bwana. Kitenzi kinachofuatwa na nomino katika kuunda jina nacho si kigeni: vunjajungu, jina la mdudu, limeundwa hivyo hivyo. Kiisimu, maelezo haya yanapita pale ambapo ya Mvita yalikwama, ijapokuwa kupita si kuthibitika.

Mgogoro uko katika swali la nani aliyebwaga moyo. Simulizi ya kwanza inasema ni wapagazi. Katika karne ya 19 Bagamoyo palikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walifika hapo baada ya miezi ya mwendo wakiwa wamebeba pembe za ndovu. Walipoiona bahari walitua mizigo, na mioyo ikatua pamoja nayo. Simulizi ya pili inasema ni watumwa. Walipofika hapo walijua kwamba hawataiona tena nchi yao, wakaiacha mioyo yao ufukweni kabla ya kupakiwa majahazini.

Simulizi zote mbili zina kauli moja ya kisarufi na hisia mbili zenye kupingana. Hilo linawezekana kwa sababu ya kitenzi chenyewe. Kubwaga ni kutupa chini kilicho kizito. Moyo ukiwa ni mzigo, kuubwaga ni faraja. Moyo ukiwa ndio uhai wa mtu, kuubwaga ni kukata tamaa. Jina halisemi ni upi kati ya mioyo hiyo miwili.

Historia yaweza kusaidia kupima uzito, si kutoa hukumu. Watumwa walipita Bagamoyo, wala hilo halina shaka. Lakini bandari kuu ya biashara hiyo katika mwambao wa bara ilikuwa Kilwa, iliyopokea mateka wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa. Uhai wa Bagamoyo ulitegemea zaidi pembe na kazi ya wapagazi, ambao aghalabu walikuwa watu huru waliokuja kwa ujira. Kwa kigezo hiki simulizi ya wapagazi inaelekea kuwa karibu zaidi na maisha ya kila siku ya mji. Hata hivyo, simulizi ya watumwa ndiyo inayosikika zaidi leo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe katika orodha yake ya awali ya maeneo ya kupendekezwa kuwa urithi wa dunia, na mahali penye jina kama hilo ni rahisi kueleweka na mgeni anayekuja kuomboleza.

Je, basi simulizi hiyo ni ya kuuzia utalii tu? Hukumu hiyo itakuwa ya haraka mno. Waliochukuliwa utumwani hawakuacha shajara wala kumbukumbu za safari. Wapagazi walionekana na kuandikwa na kila Mzungu aliyepita nao. Watumwa waliandikwa kama idadi. Jamii iliyoliweka neno lao ndani ya jina la mji inafanya kile ambacho nyaraka zilishindwa kukifanya. Inawapa sauti, japo ni sauti iliyobuniwa. Wajibu wa mtafiti ni kutamka yote mawili bila ya kusita: kwamba hakuna ushahidi kuwa watumwa ndio walioupa mji jina hili, na kwamba kisa chao ni ukumbusho halali wa jambo lililotukia.

5.0 Kilimanjaro: Mlima Mmoja, Lugha Nyingi

5.1 Jina Linaingia Maandishini

Mnamo mwaka 1519 Mhispania Martín Fernández de Enciso aliutaja mlima mrefu sana ulio magharibi ya Mombasa, lakini aliuita Olimpo wa Uhabeshi. Alichukua jina kutoka katika vitabu vya Kigiriki, si katika vinywa vya watu. Jina lenyewe lilianza kusambaa Ulaya baada ya safari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai. Aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848 akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa njia za bara. Rebmann alipouliza kile kitu cheupe kilichokuwa kileleni, kiongozi wake alijibu kwa neno moja tu: baridi. Habari hizo zilipochapishwa London mwaka 1849, W. D. Cooley, aliyejulikana kwa maandishi yake juu ya bara la Afrika ambalo hakuwahi kulikanyaga, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Karl Klaus von der Decken ndiye aliyethibitisha jambo hilo katika safari zake za 1861 na 1862.

Mwanzo huu una somo. Jina na ushahidi wa theluji vilipitia katika msafara wa Waswahili. Ulaya ililipokea jina bila kusita na ikaukataa ushahidi. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, Kilimanjaro lilikuwa ni jina lililosikiwa na msafiri, likatafsiriwa na msafiri, likaandikwa na msafiri.

5.2 Maelezo na Mizani Yake

Johann Ludwig Krapf, katika kitabu chake cha safari kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, alitoa maelezo mawili. La kwanza ni kwamba ni mlima wa ukuu. La pili ni kwamba ni mlima wa misafara, kwa kuwa njaro ni safari na mlima ni alama ya njia inayoonekana kutoka mbali. Joseph Thomson, mwaka 1885, alipendekeza kwamba huenda zamani neno njaro lilimaanisha weupe. Wengine walidai kwamba Njaro ni pepo wa baridi. Baadaye yalikuja maelezo kutoka Kichaga: kwamba sehemu ya kwanza ni kilema au kileme, yaani kinachoshinda, na ya pili ni kyaro, safari, au njaare, ndege. Mlima ungekuwa ni ule unaoshinda msafara, au unaomshinda hata ndege. J. A. Hutchinson aliyapitia maelezo haya katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1965, na hakuna lililoibuka mshindi.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi dhidi ya asili ya Kiswahili ni la kisarufi. Katika Kiswahili sanifu mlima ni mkubwa na kilima ni mdogo. Itakuwaje basi mlima wenye kimo cha mita 5,895 uitwe kilima? Pingamizi hili linaonekana zito, lakini limejengwa juu ya Kiswahili peke yake. Katika Kikamba kiima ni neno la kawaida la mlima, na katika Kikuyu kĩrĩma ni mlima bila ya udogo wowote. Kiambishi ki- katika lugha hizo hakipunguzi kitu. Misafara iliyotoka pwani ilipita katika nchi za wasemaji wa lugha hizi na jamaa zake, na wapagazi wao walikuwa wa makabila mengi. Neno kilima lililoingia katika jina hili si lazima liwe ni la kamusi ya leo.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi. Maana ya safari ina msingi mpana kuliko ilivyodhaniwa. Kichaga kina kyaro. Kigiriama kina charo, na ndiyo sababu Charo ni jina la mtu hadi leo. Krapf aliyeishi Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, alikuwa mahali pazuri pa kulisikia. Lakini hapa pia kuna kikwazo. Kyaro na charo yana kiambishi ki- mbele ya mzizi. Njaro lina n- na mfuatano wa sauti usiopatikana moja kwa moja kutoka humo. Ama kulikuwa na umbo jingine la ngeli nyingine, ama ufanano huu ni wa bahati tu. Maelezo ya weupe nayo yana chanzo kinachotambulika. Wamaasai huuita mlima Oldoinyo Oibor, mlima mweupe, na Wakamba Kiima Kyeu, ambalo maana yake ni ile ile. Thomson alikuwa akisafiri katika nchi ya Wamaasai. Yamkini alitafuta katika njaro kile alichokwisha kukisikia kwa majirani. Hivi ndivyo mizani ya tatu inavyoweza kumhadaa mtafiti: majirani huonyesha jinsi wao wanavyopaita mahali, si jinsi wengine walivyopaita.

5.3 Nani Alihitaji Jina Moja?

Yako maelezo mashuhuri yanayosimuliwa pamoja na asili ya Kichaga. Wageni waliuliza habari za mlima, wenyeji wakawajibu kwamba haupandiki, unashinda safari. Wageni wakadhani wametajiwa jina. Kisa cha mgeni asiyeelewa jibu ni kisa kinachosafiri duniani kote. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba kangaruu wa Australia aliitwa hivyo kwa sababu mwenyeji alijibu kwamba hajui. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alithibitisha kwamba neno hilo ni jina halisi la aina ya kangaruu katika lugha ya Guugu Yimidhirr. Kisa kinachopatikana kila mahali ni cha kushukiwa mahali popote.

Lakini kisa hiki nacho kina kazi yake. Kinamrudishia mwenyeji ucheshi na ujuzi. Mgeni aliyekuja na vitabu na dira anaonekana mjinga, na jina analojivunia kuligundua ni kosa lake mwenyewe. Kwa jamii ambayo mlima wake uliandikwa, ukapimwa na kupewa majina na wengine, kisa hicho ni aina ya kujibu.

Na kuna jambo ambalo visa vyote hivi havilisemi. Wachaga, wakaao juu ya mlima wenyewe, walivitaja vilele vyake: Kibo na Mawenzi. Jina la mlima mzima halikuwa la lazima kwao. Aishiye mlimani hutaja mteremko, mto, kilele na shamba. Ni yule anayeutazama kwa mbali, akiwa katika nyika ya Taru au Tsavo akitafuta njia ya maji, anayeuona kuwa kitu kimoja na kuhitaji neno moja. Kwa hoja hii, iwe njaro maana yake ni safari au siyo, Kilimanjaro ni jina la watu wa safari. Wenyeji waliolieleza baadaye kwa Kichaga hawakuwa wakikumbuka asili yake. Walikuwa wakilichukua jina la wageni na kulifanya lao.

5.4 Mawenzi Ageuka Mwenzi

Mwelekeo wa kinyume unaonekana katika jina la kilele cha pili. Katika Kichaga, Kibo huelezwa kuwa ni chenye madoa, kutokana na mwamba mweusi unaochomoza katika theluji, na Mawenzi, au Kimawenzi, kuwa ni kilichovunjika au kuchongeka kileleni. Maana hizi zinapatana na macho. Msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, husikia ndani ya Mawenzi neno mwenzi, na mara vilele viwili vinakuwa wenzi.

Ngano ya Kichaga kuhusu vilele hivyo haisimulii urafiki. Mawenzi alizoea kuuzimisha moto wake makusudi na kwenda kwa Kibo kuomba kaa, akikaribishwa chakula kila mara. Kibo alipochoka alimpiga kwa mchi, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimechongoka hadi leo. Ngano hii inaeleza sura ya mlima, na inakwenda sambamba na maana ya Kichaga ya kilichovunjika. Mtu anayelisikia jina kwa Kiswahili na ngano kwa tafsiri hupata maana nyingine: ni mwenzi aliyevunja haki ya uenzi. Ngano haikupotea. Imeongezewa kejeli ambayo wasimulizi wa awali hawakuikusudia.

6.0 Kisa Kinapojibu Swali la Mamlaka

Mlima huu una kisa kingine, si cha jina bali cha mpaka. Husimuliwa katika pande zote mbili kwamba mstari kati ya Kenya na Tanzania umepinda kuuzunguka mlima kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tarehe zinakikanusha kisa. Mpaka ulikubaliwa baina ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, ilhali Wilhelm wa Pili alitawazwa mwaka 1888. Kilichouweka mlima upande wa Ujerumani ni mashindano ya mikataba na watawala wa Kichaga, hususan ule uliofungwa na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, na mapatano yaliyofuata huko Ulaya.

Etimolojia ya umma na kisa hiki ni ndugu. Vyote viwili huchukua kitu kinachoonekana, jina au mstari uliopinda, na kukipa sababu inayokumbukika. Hapa sababu hiyo ina ukweli wa ndani. Waliokigawa Afrika hawakuwauliza wenye nchi, na kisa cha zawadi kinaueleza udhalimu huo kuliko maneno ya mkataba. Lakini kina gharama pia. Kinamwondoa Rindi katika historia na kuwafanya Wachaga watazamaji wa mambo ya nyumba ya kifalme, wakati watawala wao walikuwa wakijadiliana, wakishindana na kukosea hesabu kama wanasiasa wengine. Ndivyo Mwana Mkisi alivyotoweka nyuma ya vita.

Kinyume cha visa hivi ni majina yatolewayo kwa amri. Hans Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikiita kilele hicho kwa jina la Kaiser Wilhelm. Mwaka 1961, Tanganyika ilipojitawala, kikaitwa Uhuru. Majina yote mawili yana tarehe, na yalitolewa kwa makusudi. Hayahitaji kisa kwa sasa. Yako katika hali ya Kilindini: maana yake i wazi kwa kila mtu.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu hauna jibu jipya la maana ya Kilimanjaro, wala haukudhamiria kulitoa. Umeonyesha kwamba Mvita kuwa kisiwa cha vita ni jambo lisilokubalika kisarufi, kwamba Bagamoyo lina maelezo yanayokubalika yenye maana mbili zisizopatanishika, na kwamba Kilimanjaro limeelezwa na kila jamii kwa lugha yake hata asili yake ikazama chini ya maelezo. Katika mifano yote mitatu, kisa kilikuja baada ya jina na kilikidhi haja ya wakati wake.

Mwanafunzi wa uzamili anayekusanya visa hivi nyanjani ana wajibu mara mbili. Hana ruhusa ya kukiandika kisa cha jina kuwa ni ushahidi wa tukio, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kumpa mtu mmoja haki ya kale juu ya ardhi na kumnyang'anya mwingine. Anayelieleza jina la mahali kwa lugha yake hudai, hata bila ya kutamka, kwamba wake ndio waliotangulia. Wala hana ruhusa ya kukitupa kisa kwa sababu isimu imekikataa. Hana budi kuandika aliyekisimulia, lugha aliyoitumia, aliyekuwa akimsimulia na tukio lililozaa usimulizi huo, na kutafuta pia kisa ambacho hakikusimuliwa.

Kwani visa havishindani kwa ukweli peke yake. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara wa kaskazini, kuna Kongowea, na soko lake linajulikana na kila mwenye kununua mboga Mombasa. Jina la mji wa Mwana Mkisi lingali linatajwa humo kila siku, katika makuli, matatu na mizani ya vitunguu. Lililopungua ni watu wa kuuliza lilitoka wapi.